MALI ISIYODAIWA NA HAKI ZA WARITHI



Mali ya mtu haipotei kwa kuibwa tu. Iko mali ambayo mwizi hakuigusa, moto haukuiunguza, wala bahari haikuichukua. Imo katika daftari la benki au la kampuni kwa jina la mwenyewe, nayo juu ya hayo imempotea. Imempotea kwa kuwa ameinyamazia mpaka akaisahau, au amekufa na siri yake, na warithi wake hawajui kuwa iko. Mali ya namna hii ndiyo somo letu la leo.

Tumelichagua somo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, nchi yetu ya Kenya ina sheria maalumu juu ya mali hiyo tangu mwaka 2011, nayo yawagusa watu wengi wa miji yetu ya pwani ambao hawajapata kuisikia. Ya pili, ndani ya mali hiyo mna haki za wajane na mayatima. Na haki ya mja haiondoki kwa sababu mja mwingine amesahau.

SHERIA YASEMA NINI

Sheria tunayoikusudia ni Sheria ya Mali ya Kifedha Isiyodaiwa, namba 40 ya mwaka 2011. Kabla yake, fedha ambazo wenyewe hawakuzifuata zilikuwa zikibaki mikononi mwa mabenki, makampuni ya bima na makampuni yenye wanahisa, nao wakaendelea kuzishika. Sheria ikaunda Mamlaka, ambayo watu wamezoea kuiita UFAA, ikaiamuru ipokee mali hizo kutoka kwa walio nazo, izihifadhi, na iwarudishie wenyewe wanapojitokeza.

Ili tuifahamu sheria hii, tutofautishe watu wawili. Wa kwanza ni mwenye mali, yaani yule ambaye jina lake limeandikwa katika daftari, au warithi wake akiwa amekufa. Wa pili ni mshika mali, yaani benki, kampuni au mtu mwingine yeyote aliye na mali hiyo mkononi pasi na kuwa yake. Mzigo mkubwa wa sheria hii umetiwa shingoni mwa mshika mali. Yeye hana khiari ya kukaa nayo milele. Kila mwaka hupaswa kufanya hesabu inayokomea tarehe 30 Juni, akatazama ni mali zipi ambazo wenyewe wamezinyamazia kwa muda uliowekwa, kisha kabla ya tarehe 1 Novemba azipeleke kwa Mamlaka pamoja na orodha ya majina. Na kabla ya kuzipeleka, yampasa amwandikie mwenye mali kumjulisha, kwa anwani ya mwisho aliyo nayo.

Tuyazingatie maneno hayo, "anwani ya mwisho aliyo nayo." Mtu aliyefungua akaunti zamani kwa sanduku la posta la tajiri wake, kisha akaiacha kazi ile, barua yake itakwenda kwa tajiri. Aliyehama Mji wa Kale akaenda kukaa Kisauni au Likoni, na hakuwaarifu benki wala kampuni, barua yake itakwenda pale alipokuwa. Benki itakuwa imetimiza wajibu wake, na mwenyewe hatakuwa amepata neno.

Muda wenyewe watofautiana kwa namna ya mali. Fedha zilizo katika akaunti ya benki huhesabiwa kuwa zimeachwa baada ya miaka 5 ya kimya cha mwenyewe. Hisa za kampuni, pamoja na gawio lake, yaani fungu la faida ambalo kampuni huwagawia wenye hisa, huhesabiwa hivyo baada ya miaka 3. Fedha za bima ya maisha, baada ya miaka 2 tangu kampuni ilipopasa kuzilipa. Sheria yaingiza pia vitu vilivyohifadhiwa katika masanduku ya amana ya mabenki. Na hili twalitaja kwa ajili ya mama zetu na dada zetu wanaoweka dhahabu zao humo, ili wasidhani kuwa sanduku lisilolipiwa kodi yake litawangoja daima.

KIMYA HUANZA KUHESABIWA LINI

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu husema: "Akaunti yangu hai, kila mwaka benki yaandika kitu ndani yake, mara yaongeza faida, mara yakata ada." Au husema: "Hisa zangu zafanya kazi, kila mwaka kampuni yatangaza gawio." Yote hayo ni vitendo vya mshika mali, na sheria haivitazami hivyo. Yatazama kitendo cha mwenyewe: je, ameweka fedha au ametoa? Je, ameandika barua, amejaza fomu, ameuliza salio, amepokea gawio lake? Mwenye hisa akipitisha miaka 3 hakudai gawio wala hakuwasiliana na kampuni yake, mbele ya sheria amekuwa kama aliyeziacha hisa zile, ijapokuwa moyoni mwake anazikumbuka kila siku. Moyo hausomwi na karani.

Kadhalika, yafaa kutofautisha kulala kwa akaunti na kuhamishwa kwa mali. Kila benki ina kanuni yake ya kuiita akaunti "iliyolala" baada ya miezi kadhaa isipotumiwa. Akaunti iliyolala bado imo bankini. Mwenyewe akienda na kitambulisho chake huamshwa. Kuhamishwa ni jambo la baadaye, muda wa sheria unapotimia, na hapo benki haina tena fedha zile. Basi mtu akiambiwa na benki kuwa hana kitu, asirudi nyumbani akasema ameliwa. Aulize: je, imepelekwa kwa Mamlaka, na kwa mwaka gani?

MFANO WA ZAID

Wanavyuoni wetu wanapotaka kuieleza mas-ala huweka mfano wa Zaid na Amri. Nasi tuchukue mfano wa Zaid, naye si mtu maalumu.

Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza kwa raia sehemu ya hisa zake katika kampuni ya Safaricom. Bei ilikuwa shilingi 5 kwa kila hisa, na wa chini kabisa alitakiwa kununua hisa 2,000, yaani shilingi 10,000. Watu walikopa, wakauza vitu vyao, wakapiga safu mbele ya mabenki na ofisi za madalali wa hisa. Hisa zile zikaanza kuuzwa na kununuliwa katika soko la Nairobi tarehe 9 Juni mwaka ule. Wengi wao ilikuwa mara yao ya kwanza kumiliki hisa, na wengi wakavunjika moyo baadaye bei ilipoteremka, wakaziacha.

Tuseme Zaid alinunua hisa 4,000 kwa shilingi 20,000. Alifunguliwa na dalali akaunti ya hisa, akaandika sanduku la posta la duka alilokuwa akifanya kazi, na akataja akaunti ya benki ambamo gawio litiwe. Duka likafungwa. Akaunti ya benki akaiacha, ikafungwa nayo. Gawio likatumwa, likarudi. Mwaka wa pili likarudi, na wa tatu likarudi. Zaid hakuuliza, kwani alikwisha kuzihesabu hisa zile kuwa ni hasara. Muda ulipotimia, kampuni ikalipeleka kwa Mamlaka gawio lililorundikana, na hisa nazo zikafuata njia ile ile.

Kisha Zaid akafariki. Ameacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Wazazi wake walimtangulia. Warithi wakagawana nyumba na vyombo, na hakuna aliyetaja hisa, kwa kuwa hakuna aliyezijua. Sasa tuhesabu ni nini kilichoachwa. Tukichukulia kuwa Zaid hakuacha deni wala wasiya, mke ana thumuni, yaani sehemu moja katika 8, kwa kuwa marehemu ana watoto. Hizo ni hisa 500. Zimebaki 3,500, nazo ni za watoto, mwanamume kwa mafungu mawili na mwanamke kwa fungu moja. Basi kila mwana wa kiume apata 1,400, na binti apata 700. Jumla ni 4,000.

Msomaji huenda akasema kuwa hisa 700 si mali ya kumtajirisha mtu. Twamjibu kuwa si sisi tuliomwekea binti yule fungu lake, hata tuseme ni dogo au ni kubwa. Na huenda binti huyo ndiye leo asiyeweza kumlipia mwanawe karo ya skuli, ilhali haki yake imo katika daftari, kwa jina la baba yake, na hapana wa kuiuliza.

JE, MILKI HUHAMA KWA KUPITA MUDA?

Swali hili huulizwa na wengi: je, serikali inapochukua mali hii, imekuwa yake?

Jawabu ni kuwa haikuwa yake. Kwa sheria yenyewe, kinachohama ni uhifadhi, si milki. Mwenye mali, au warithi wake baada yake, wana haki ya kudai wakati wowote, na hapana muda unaoifuta haki hiyo. Miaka 3 na miaka 5 tuliyoitaja ni muda wa mshika mali kuiachia mali, si muda wa mwenyewe kunyang'anywa. Wengi huyachanganya mambo haya mawili, na wakisikia kuwa "muda umepita" hukata tamaa bure.

Nasi tukiitazama sharia yetu, twaona kuwa wanavyuoni wameyazungumza mambo ya jinsi hii katika mlango wa luqata, yaani kitu kilichookotwa. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya kitu cha namna hiyo aliamuru kijulikane chombo chake na kamba yake, kisha kitangazwe muda wa mwaka mmoja, baada yake aliyekiokota ana ruhusa ya kukitumia, lakini akija mwenyewe siku yoyote apewe haki yake. Hata kitu ambacho mwenyewe hajulikani, basi, haki yake haikufa kwa kupita mwaka. Itakuwaje mali ambayo jina la mwenyewe limeandikwa juu yake? Hiyo iko karibu zaidi na amana kuliko na luqata, na Qur'ani imeamuru amana zirudishwe kwa wenyewe.

Lakini tusijidanganye. Haki haifi, lakini thamani huliwa na siku. Shilingi 20,000 za mwaka 2008 zilikuwa zikinunua vitu ambavyo leo hazinunui. Na kila mwaka unaopita, karatasi hupotea, mashahidi hufa, dalali hufunga ofisi yake, na warithi huongezeka. Mrithi akifa huacha warithi wake, na fungu lililokuwa la watu wanne huwa la watu ishirini. Mwenye kuchelewa hapotezi haki yake, ila huifanya kazi ya kuipata kuwa ngumu mara kumi.

WARITHI WAFANYE NINI

Hatua ya kwanza ni kutafuta. Mamlaka imeweka njia mbili nyepesi: kwa intaneti, katika ukurasa wake, na kwa simu yoyote ya mkono kwa kupiga *361#. Hutafutwa kwa jina na kwa namba ya kitambulisho. Basi namba ya kitambulisho cha marehemu isitupwe. Iandikwe kabla cheti hakijapelekwa kunakohusika. Ni vizuri kutafuta pia kwa namba ya pasi ya safari, kwa wale waliokuwa wakiitumia.

Hatua ya pili ni kuthibitisha. Mwenyewe akiwa hai, huonyesha kitambulisho chake na ushahidi wa kuwa akaunti au hisa zile ni zake. Akiwa amekufa, warithi huhitaji cheti cha kifo na hati ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi. Kwa sisi Waislamu wa Kenya, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, imezipa Mahakama za Kadhi mamlaka juu ya mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wameridhia hukumu ya mahakama hiyo. Na Sheria ya Urithi, baada ya mabadiliko ya mwaka 1990, yakubali kuwa mirathi ya Muislamu hugawanywa kwa sharia ya Kiislamu. Kwa hiyo hapana udhuru wa kusema kuwa mali ya bankini au ya hisa iko nje ya faraidhi. Nyumba, shamba, mashua, hisa na salio la benki, vyote ni tarika moja. Hutolewa kwanza gharama za maziko, madeni na wasiya usiozidi thuluthi, kisha kilichobaki hugawanywa.

Hatua ya tatu ni kudai. Mamlaka haitozi ada kwa kupokea madai. Mtu akikujia akikwambia kuwa anajua mali ya baba yako iko wapi, na kuwa atakutolea ukimlipa kitu kwanza, jihadhari naye. Wala usimpe mtu usiyemjua namba yako ya siri au kitambulisho chako kwa kutamani mali usiyoiona.

Hapo pana mambo mawili yanayoleta ugomvi majumbani, nasi hatuna budi kuyaeleza.

La kwanza ni la yule aliyeandikwa katika fomu ya benki kuwa jamaa wa karibu. Watu wengi hudhani kuwa huyo ndiye mrithi wa akaunti ile peke yake. Sivyo. Jina lile huandikwa ili benki ijue ni nani wa kumjulisha. Ikiwa Zaid ameandika jina la nduguye, nduguye hakuwa mwenye mali kwa kuandikwa huko. Mali ni ya warithi wote kwa mafungu yao.

La pili ni la msimamizi wa mirathi. Aghalabu ndugu mkubwa ndiye anayehangaika Nairobi na Mombasa, akalipa nauli na karatasi, fedha zikitoka husema: "Mimi ndiye niliyezipata." Twasema kuwa msimamizi ni wakili. Ana haki ya kurudishiwa gharama alizotoa kwa hesabu iliyo wazi, na nduguze wamshukuru. Lakini hana haki ya kumficha dada yake kiasi kilichotoka. Akifanya hivyo, mali ambayo benki na serikali zimeichunga miaka mingi isiliwe, yeye mtu wa nyumbani ataila siku moja.

MSIBA WA MAJINA

Liko jambo jingine linalotupata sisi watu wa pwani kuliko wengine, nalo ni majina. Mtu mmoja huandikwa Mohamed katika kitambulisho, Muhammad katika cheti cha hisa, na Mohammed bankini. Bibi huitwa Fatma nyumbani, Fatuma katika kitambulisho, na Fatima katika cheti cha ndoa. Mmoja huandika jina la baba na babu, mwingine huongeza la ukoo, na wa tatu huandikwa kwa jina la utani alilopewa mtaani. Kwetu sisi ni mtu mmoja. Kwa karani wa Nairobi ni watu watatu, na kila mmoja atatakiwa alete ushahidi wake.

Dawa yake ni nyepesi maadamu mtu yu hai: aende bankini na kwa dalali, alinganishe jina lake na kitambulisho, na yaliyohitilafiana asahihishe, au aape mbele ya wakili kwamba majina yote ni yake. Akiisha kufa, mambo hayo hayo huwataka warithi hati za viapo, mashahidi na safari nyingi. Na warithi wanapotafuta katika orodha ya Mamlaka, watafute kwa maandishi yote ya jina, wasitosheke na moja.

WALIO NG'AMBO

Wako jamaa zetu wengi walio Uingereza, Marekani na Ghuba. Nao wajue kuwa nchi nyingi zina sheria za namna hii, na kuwa hazifanani.

Uingereza ilipitisha mwaka 2008 sheria ya akaunti za mabenki zilizonyamaziwa kwa miaka 15. Fedha hizo huweza kupelekwa katika mfuko maalumu na sehemu yake kutumiwa katika mambo ya manufaa ya watu. Mwaka 2022 ikapitishwa sheria nyingine iliyoutanua mpango ule mpaka katika bima, pensheni na mali za uwekezaji. Huko nako mwenyewe akija hulipwa.

Marekani kila jimbo lina sheria yake. Katika majimbo mengi muda ni miaka 3 au 5, na aghalabu hutazamwa anwani ya mwisho ya mwenye akaunti. Na hapa pana hatari ambayo yafaa ijulikane: majimbo mengi huziuza hisa baada ya kuzipokea. Mwenyewe akija baadaye hupewa fedha zilizopatikana siku ya kuuzwa, hata kama bei ya hisa zile imepanda mara nyingi tangu siku hiyo. Basi aliyewahi kufanya kazi huko, akaacha akaunti ya hisa au ya uzeeni, kisha akarudi Mombasa au Lamu, asijitulize kwa kusema kuwa mambo ya Wazungu hayapotei. Awaandikie, awape anwani yake mpya, na afungue akaunti yake walau mara moja kila mwaka.

KWA NINI TUNANYAMAZA

Tumeulizana katika darasa letu kwa nini watu wetu hunyamazia mali yao wenyewe. Tumeona sababu tatu.

Ya kwanza ni siri. Mume hamwambii mke, na baba hawaambii wana, kwa kuchelea kijicho, au kuchelea kuombwa. Hatusemi kuwa mtu atangaze mali yake sokoni. Lakini kuificha mali isijulikane na kijicho ni jambo moja, na kuificha isijulikane na mrithi ni jambo jingine. Mafunzo ya Mtume (s.a.w.) ni kuwa Muislamu mwenye kitu cha kuusia asipitishe hata masiku mawili ila wasiya wake umeandikwa. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile inayoamuru deni liandikwe na lishuhudiwe. Dini iliyotilia mkazo maandishi namna hiyo, watu wake hawakupasa kufa na hesabu zao vifuani.

Ya pili ni hofu ya riba. Wako watu wacha Mungu waliofungua akaunti zamani, kisha wakajua kuwa imeingia riba ndani yake, wakaona salama yao ni kuiacha isiguswe. Nia yao ni njema, lakini njia si hiyo. Rasilimali waliyoweka ni halali yao na ya warithi wao. Kuiacha ni kuipoteza halali kwa kuikimbia haramu. Waitoe rasilimali yao, na kile kilichozidi wawaulize wanavyuoni namna ya kujitoa nacho. Kadhalika mwenye shaka na biashara ya kampuni aliyonunua hisa zake, aulize, kisha auze au abaki. Kunyamaza si fat-wa.

Ya tatu ni kushughulika na lisilopasa. Mtu akifa, siku za matanga nyumba hujaa watu, wali hupikwa kwa masufuria makubwa, na mara nyingine hukopwa ili wageni wale. Siku hizo hizo hapana hata mmoja anayefungua mkoba wa marehemu akatazama mna karatasi gani. Baada ya arubaini mkoba hutiwa uvunguni, na baada ya mwaka huliwa na mchwa. Lau nusu ya juhudi ya chakula ingetiwa katika kutafuta madeni ya marehemu na mali zake, ingemfaa yeye na ingewafaa mayatima wake.

TWAUSIA MAMBO HAYA

Kwanza, kila mwenye akaunti au hisa aandike katika daftari moja jina la benki au kampuni, namba ya akaunti, jina la dalali, na jina lake kama lilivyoandikwa huko. Hapana haja ya kuandika kiasi cha fedha, wala namba ya siri. Wazee wamekwisha sema: mali bila daftari huisha bila khabari.

Pili, amwonyeshe mtu mmoja mwaminifu daftari hilo lilipo. Na mke ana haki ya kuwa wa kwanza.

Tatu, kila mwaka achague siku moja, ikiwa ni ile anayohesabu zaka yake ni bora, aiguse kila mali yake kwa kitendo kinachoandikwa: aweke kidogo, atoe kidogo, au aandike barua na kubaki na nakala.

Nne, anapohama, anapobadili simu au sanduku la posta, awaarifu washika mali yake kama anavyowaarifu jamaa zake.

Tano, aliyefiwa, hata kama ni miaka mingi iliyopita, atafute leo. Akipata, awaite warithi wote, wake kwa waume, kabla hajatia sahihi karatasi yoyote.

Nao maimamu na walimu wa madrasa twawaomba waliseme jambo hili mbele za watu. Wako wajane katika mitaa yetu wasiojua kusoma fomu hizi, wala hawana wa kuwasomea. Kijana mmoja mwenye simu, akikaa nao saa moja baada ya alasiri msikitini au barazani, huenda akamrudishia mtu haki ambayo haijui.

Wallahu aalam, na kwake ndiko kuliko na tawfiki.